Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndiyo Ngoma

Kila mwaka, saa zikisharudishwa nyuma mwezi wa Novemba, swali ni lile lile. Linakuja kwa sauti, linakuja kwa maandishi, mara nyingine nusu Kiswahili na nusu kitu kingine: "Dada, baiskeli naifungia stoo mpaka Aprili, ama kuna namna?" Msimu huu limeulizwa na wengi zaidi, na sababu tunaijua sote. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kwenye ardhi ya Afrika. Wengi wenu mliamka usiku wa manane kutazama vilima vya Rwanda vikiwatesa mabingwa. Kwenye mbio kubwa ya wanaume waliomaliza walikuwa 30 tu. Asubuhi yake nusu ya vijana wetu walikuwa wanatafuta baiskeli ya kununua.

Sasa baridi imeingia, baiskeli ni mpya, na hamu bado ni moto. Basi jibu langu ni hili: kuna namna. Lakini kama unaishi karibu na milima kama mimi, kuna methali moja lazima uibebe kabla hujabeba pampu. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa wale ambao hawajawahi kuuona, mchongoma ni mti wa miiba wenye vitunda vidogo ambavyo watoto wanavipenda. Mtoto anapanda kwa sababu macho yako kwenye tunda. Akitaka kushuka ndipo anaiona miiba. Sijapata maneno bora kuliko hayo ya kueleza barabara ya mlimani mwezi wa Januari.

Wapi hasa

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mzaliwa wa Aurora, jimbo la Colorado, ubavuni mwa Denver. Mji uko kama mita 1,600 juu ya bahari, haupishani sana na Nairobi, ndiyo maana wazee wetu wakifika hapa hawalalamikii hewa. Wanalalamikia baridi. Ukitazama magharibi unaona ukuta wa Milima ya Rocky, na kabla ya ukuta wenyewe kuna vilima vya miguuni, kwenye miji kama Golden, Morrison na Boulder. Huko ndiko tunakoendesha.

Barabara ninayoijua kuliko zote ni ya Lookout Mountain. Inaanzia Golden kwenye nguzo za mawe, inajipinda kona baada ya kona kwa kama kilomita 7, na inakufikisha kwenye mita 2,200 hivi, karibu na kaburi la Buffalo Bill aliyezikwa pale mwaka 1917. Boulder wana Flagstaff, ambayo ni kali zaidi, na wana Lefthand Canyon, korongo refu linalokupeleka Jamestown taratibu.

Watu wa mbali wanafikiri Colorado ni theluji tupu kuanzia Novemba mpaka Machi. Sivyo. Huku chini theluji ikianguka leo, kesho jua linawaka, keshokutwa lami ni kavu kabisa. Kuna siku za Januari ambapo unaweza kuanza safari kwa nyuzi 10 za joto, mbingu ya buluu, barabara imenyooka kama mkeka. Siku hizo ndizo za kuogopa. Siku ya dhoruba kila mtu anakaa ndani, hakuna haja ya kuonywa.

Jua na kivuli

Kitu cha kwanza cha kujifunza ni kusoma kivuli. Upande wa mlima unaotazama kusini unapata jua mchana kutwa, kwa hiyo unakauka upesi. Upande unaotazama kaskazini unaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa na jua, na theluji yake inakaa pale pale. Barabara ya kona haina upande mmoja. Kona hii inatazama kusini, inayofuata inatazama kaskazini. Umepanda mita 200 kwenye lami kavu, unapinda, na ghafla uko kwenye friji.

Halafu kuna maji. Mchana theluji ya kando ya barabara inayeyuka, maji yanavuka lami kama kijito chembamba, na jua likiondoka yanaganda. Kesho yake asubuhi utakuta utando wa barafu usioonekana. Unafanana na lami iliyolowa tu. Ukiona sehemu inang'aa wakati hakuna mvua wala bomba lililopasuka, chukulia ni barafu mpaka mguu wako uthibitishe vinginevyo. Nasema mguu. Shuka kwenye baiskeli, kanyaga, sukuma kidogo. Ikiteleza chini ya kiatu, itateleza chini ya tairi. Madaraja nayo huganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo baridi unapita juu na chini yake.

Cha tatu ni mchanga. Magari ya serikali yakishapita kumwaga mchanga na kokoto ili magari mengine yasiteleze, theluji inaondoka lakini mchanga unabaki, na magurudumu ya magari yanausukuma mpaka ndani ya kona, pale pale unapotaka kulalia baiskeli. Kwenye kupanda hutausikia. Kwenye kushuka utausikia mara moja tu.

Cha nne ni saa. Mwishoni mwa Desemba huku jua linachomoza kama saa 1:20 asubuhi na linazama kama saa 10:40 jioni. Hiyo ni hesabu ya tambarare. Sisi milima iko upande wa magharibi, kwa hiyo kwenye vilima jua linajificha nyuma ya mlima mapema kuliko kalenda inavyosema. Lookout inatazama mashariki. Asubuhi inaoga jua, alasiri iko gizani. Mimi naanza kupanda saa 4 asubuhi, baada ya jua kufanya kazi yake, na saa 7 mchana nataka niwe chini nakunywa chai. Taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele zinawaka muda wote, hata mchana, kwa sababu dereva anayetoka juani na kuingia kivulini kwa sekunde chache haoni kitu. Sheria ya Colorado tangu 2009 inamtaka dereva akupite akiwa ameacha angalau futi 3, yaani kama sentimita 90. Ni sheria nzuri. Ila isikufanye ujisahau.

Upepo

Kuna upepo hapa unaitwa chinook. Hewa inavuka kilele cha milima, inaporomoka upande wetu, na kila inaposhuka mita 1,000 inapata joto la nyuzi kama 10. Inafika chini ikiwa kavu na ya moto kiasi kwamba theluji inatoweka kwa saa chache. Mtu wa Mombasa angeiita baraka. Kwenye baiskeli ni jambo jingine. Upepo huu hauji sawasawa, unakuja kwa ngumi. Unatoka kwenye mdomo wa korongo, unakusukuma katikati ya barabara, halafu unaacha ghafla na wewe bado umeegemea hewa.

Tarehe 30 Desemba 2021 upepo uliopita kilomita 160 kwa saa uliubeba moto katika wilaya ya Boulder, na zaidi ya nyumba 1,000 zikateketea kwa siku moja, katikati ya msimu wa baridi. Hatuchezi na kitu hicho. Siku ya tahadhari ya upepo mkali, baiskeli inabaki sebuleni hata kama nje kuna joto la kutembea na fulana.

Na hata bila chinook, ukishuka unajitengenezea upepo wako mwenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 0 na wewe unashuka kwa kilomita 50 kwa saa, ngozi inahisi kama nyuzi 8 chini ya sifuri. Ulipanda ukitoka jasho, sasa jasho lile lile linakuwa maji ya baridi mgongoni. Vidole vinakufa ganzi. Na vidole ndivyo vinavyoshika breki. Umeona jinsi mambo yanavyofungamana? Mtu anadhani glavu ni za starehe, kumbe glavu ni sehemu ya breki.

Nguo, tairi na mfuko wa chakula

Hili fupi, maana mlishaniuliza mara nyingi. Vaa tabaka tatu: ya kunyonya jasho, ya joto, na ya kuzuia upepo. Ile ya upepo ikunje mfukoni wakati wa kupanda, ivae kabla ya kushuka, ukiwa umesimama. Pamba iache nyumbani, ikilowa haikauki. Beba glavu za pili. Na kama huna pesa ya jaketi maalumu, fanya walivyofanya waendesha baiskeli wa zamani wa Ulaya: walipofika kileleni waliwaomba watazamaji magazeti, wakayatia kifuani chini ya jezi. Gazeti linazuia upepo vizuri sana. Karatasi za matangazo zinazojaa kwenye kisanduku chako cha barua zimepata kazi.

Tairi ziwe pana kadiri fremu inavyoruhusu, na upepo wake upunguze kidogo kuliko wa kiangazi. Ukirudi, osha cheni na uipake mafuta, kwa sababu chumvi na dawa za kuyeyusha barafu zinakula chuma. Usiseme utaosha kesho.

Chakula: mwili unachoma sana kwenye baridi, na kiu haisikiki, kwa hiyo mtu anapanda saa nzima bila kunywa. Mimi nabeba chai ya tangawizi kwenye chupa ya kuhifadhi joto, chapati moja iliyopakwa njugu na kukunjwa, na tende. Vyakula maalumu vya michezo vinaganda vikawa kama mawe. Chapati haijawahi kuniangusha.

Mdogo wangu

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike wiki hii.

Mama mdogo ana mtoto wa miaka 17. Kwa lugha ya shuleni kwetu yule ni binamu. Kwa Kiswahili cha nyumbani ni mdogo wangu, basi, mtoto wa mama yangu mwingine. Nawakumbusha kwa sababu tofauti hiyo ina uzito. Binamu unaweza kumwalika mahali. Mdogo wako unakabidhiwa.

Alitazama Kigali mwanzo mpaka mwisho, akafanya kazi ya kuosha vyombo mkahawani miezi mitatu, akanunua baiskeli ya mkono wa pili. Mama mdogo hakutaka hata kuisikia. Siwezi kumlaumu. Alikuwa shabiki wa Suleiman Kangangi, yule nahodha wa timu ya Amani kutoka Kenya, na Agosti 2022 tulipata habari kwamba Kangangi ameanguka kwenye mashindano ya Vermont, huku huku Marekani, na amefariki. Alikuwa na miaka 33. Mama mdogo alilia kama amefiwa na mtu wa ukoo. Tangu siku hiyo kila nikitoka na baiskeli ananiangalia kama mtu anayekwenda vitani. "Wewe ni mtoto wa kike, umesoma, una gari," ananiambia. "Unatafuta nini huko mlimani?"

Kijana alimbembeleza wiki nzima. Mwisho mama mdogo akaniita jikoni, akafunga mlango. Hakupiga kelele. Alisema, "Nakupa mtoto wangu. Utanirudishia." Nikasema, "Nimesikia, mama." Hapo hakuna cha kuongeza.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari. Theluji ilikuwa imeanguka Jumatano. Tulianza pale kwenye nguzo za mawe saa 4, jua liko wazi, nyuzi 6, lami kavu. Kijana ana miguu, sitadanganya. Alikuwa anapanda huku anaongea. Mimi niko nyuma nahema, yeye ananisimulia Kigali kilomita kwa kilomita. Tulipita kona ya kwanza inayotazama kaskazini, kulikuwa na mchanga tu. Ya pili, mchanga na unyevu. Ya tatu kulikuwa na maji yaliyovuka barabara kutoka kwenye rundo la theluji, upana wa hatua nne hivi, na yalikuwa yanang'aa.

Nikasimama. Nikakanyaga. Mguu ukateleza.

Kwa kupanda, palikuwa panapitika. Ungeshuka, ukasukuma baiskeli kandoni juu ya mchanga, ukapanda tena, na juu zaidi ungekuta lami kavu. Watu wawili walifanya hivyo hivyo tukiwa tumesimama, wakatupungia mkono, wakaendelea. Mdogo wangu akanitazama. "Mbona wao wanapita?"

Nikamwambia nilichokuwa nakiona. Kona ile ukiijia kutoka juu huioni mpaka uko ndani yake. Mteremko unakuja na kasi, na kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Kwenye barafu hufungi breki wala hupindi usukani, unaacha baiskeli iende moja kwa moja. Na pale moja kwa moja ni ukingo wa barabara, halafu hewa. Tungeweza kukumbuka na kushuka kwa miguu. Lakini kulikuwa na kona nyingine juu ambazo hatukuwa tumeziona, na kila moja ingehitaji mtu mwenye vidole baridi akumbuke. Mimi nimeshuka hapo mara nyingi. Yeye hajawahi kushuka mlima wowote kwa baiskeli ya barabarani.

"Tunageuza," nikasema.

Alikasirika. Si hasira ya kelele, ile ya kimya, mnayoijua wenye wadogo zenu. Alishuka mbele yangu polepole kama nilivyomwagiza, akafunga breki kabla ya kona kama nilivyomwagiza, akapakia baiskeli kwenye gari bila neno. Njiani nikawasha redio. Nyumbani mama yake akauliza, "Mmefika juu?" Akajibu, "Hatukufika." Mama mdogo akasema, "Asante Mungu," na hilo likamuudhi mara mbili.

Mpaka leo anasema tungepita. Huenda ni kweli. Wale wawili, kwa ninavyojua, walifika juu, wakashuka, wakaenda kula chakula cha mchana. Hili ndilo nataka mlielewe kuhusu kugeuza, maana hakuna anayelisema kwenye video za baiskeli. Ukigeuza, hupati ushahidi. Anayeanguka anajua alipaswa kugeuza. Anayegeuza hajui chochote. Anarudi nyumbani na swali, na kando yake kuna mtu anayemwona mwoga. Lazima ukubali kubaki na swali hilo. Mimi nimekubali, kwa sababu jikoni sikuulizwa kama nitamfikisha juu.

Babu na Black Mamba

Nilimpigia mama simu jioni hiyo, nikamsimulia. Yeye alikulia Bungoma, chini ya Mlima Elgon, kwa hiyo vilima vya miguuni mwa mlima si kitu kigeni kwake. Baba yake, babu yangu, alikuwa na Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya chuma ambayo kila aliyekulia magharibi mwa Kenya anaijua. Aliibebesha magunia ya mahindi kwenda sokoni. Mama akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: babu alipanda kilima akiwa juu ya baiskeli mpaka miguu igome, lakini kushuka na mzigo alishuka kwa miguu, siku zote, ameshika usukani kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine. Vijana walimcheka. Walimpita wakiachia pedali, magunia yanaruka. Babu hakuharakisha.

Nikamuuliza mama kama babu aliwahi kueleza kwa nini. Akacheka. "Aeleze nini? Mahindi yalikuwa ya ada ya shule."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Sisi watoto wa huku tumezoea kufikiri baiskeli ni mchezo, nguo za rangi, programu ya kuhesabu kilomita. Kwa wazee wetu baiskeli ilikuwa gari la kazi. Hata neno boda boda lilianza na baiskeli, pale Busia, vijana wakiwavusha watu mpakani kati ya Kenya na Uganda. Ndiyo maana mama mdogo haelewi mtu mwenye gari kupanda baiskeli kwa hiari kwenye baridi. Usimkasirikie. Yeye anaona kifaa cha shida, wewe unaona uhuru. Lakini babu na mimi tungeelewana kwenye jambo moja: mzigo uliobeba ndio unaoamua jinsi ya kushuka. Yeye alibeba ada ya shule. Mimi nilibeba mtoto wa mama mdogo.

Maneno ya kubeba

Mnajua napenda kuwaachia maneno. Theluji na barafu watu wengi wanayachanganya. Theluji ni ile inayoanguka, laini, nyeupe. Barafu ni maji yaliyoganda, iwe kwenye friji au barabarani. Theluji imetoka kwenye Kiarabu, barafu imetoka kwenye Kiajemi, na yote mawili yalifika pwani ambako hakuna lolote kati ya hayo linaloanguka. Waswahili walikuwa na maneno yakisubiri kabla baridi haijawakuta. Basi tuyatumie. Mkiwa barabarani semeni kwa sauti, mtu wa mbele amwambie wa nyuma: "Barafu kulia!" "Mchanga!" "Gari nyuma!" "Kivuli!" Maneno mafupi, yanasikika kwenye upepo. Kundi letu la Jumamosi tunafanya hivyo, na kuna mwenzetu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, sasa anapiga kelele "kokoto!" kuliko mtu yeyote.

Kwa muhtasari, kwa wanaotaka kuanza Januari hii. Usiende siku mbili za kwanza baada ya theluji. Angalia upepo kabla ya joto. Panda na jua, shuka na jua. Wakati wa kupanda, tazama kila kona kwa macho ya mtu anayeshuka, maana hapo ndipo unapopata nafasi ya kuisoma polepole. Punguza kasi kwenye lami kavu, kabla ya kivuli. Na kabla hamjaondoka kubalianeni kwamba yeyote akisema "tunageuza," mnageuza wote, na mjadala unafanyika chini, kwenye chai. Kundi ambalo halikubali hilo, usilifuate mlimani.

Halafu mwambie mtu nyumbani unapita njia gani na utarudi saa ngapi. Mimi nilikuwa namtumia mama mdogo ujumbe nikifika kileleni, na picha. Alinikataza. Picha ya kileleni haimsaidii kitu, alisema, kwa sababu bado niko juu ya mti. Sasa namtumia neno moja nikiwa pale kwenye nguzo za mawe, baiskeli imeegemea gari: "Nimeshuka." Hajibu. Ila ile alama ya kusoma inatokea hapo hapo, kana kwamba simu ilikuwa mkononi muda wote.

Kijana ameniomba twende tena Jumamosi ijayo. Utabiri unasema siku nne za jua mfululizo, upepo mdogo. Nimemwambia Ijumaa usiku ndiyo nitamjibu.